Kutafuta makundi ya malaria kwa eneo na kwa wakati: QGIS na SaTScan, mfano wa Moshi

Karibuni. Leo tunaanza na madaftari ya wagonjwa wa nje ya zahanati za Moshi, na tunamalizia na ramani inayoonyesha ni kata zipi, katika miezi ipi, malaria ilizidi kiasi kilichotarajiwa. Programu ni mbili na zote ni za bure: QGIS kwa ramani, SaTScan kwa hesabu. Takwimu mtakazoziona kwenye skrini ni za kujifunzia tu, msizinukuu popote.

Kabla hujagusa kompyuta, amua mgonjwa anahesabiwa wapi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. KCMC ni hospitali ya rufaa, inapokea watu kutoka Hai, Rombo, Same na hata nje ya mkoa. Ukiwaweka wagonjwa wake wote kwenye nukta ya hospitali, ramani itadai kuna mlipuko pale pale wodini. Utakuwa umechora mahali watu wanapotibiwa, na wewe ulitaka kujua wanaumwa na mbu wapi. Kwa hiyo chukua makazi ya mgonjwa kama yalivyoandikwa daftarini. Yakiwa yameandikwa "Moshi" basi, usibahatishe: kuna Manispaa ya Moshi na kuna Wilaya ya Moshi, halmashauri mbili tofauti. Weka rekodi hizo pembeni, kisha hesabu kila zahanati imetoa ngapi. Zikiwa nyingi kutoka zahanati moja, kata zinazoizunguka zitaonekana salama kwa sababu tu ya mwandiko wa mtu mmoja.

[Skrini: jedwali lenye safu tatu]

Hatua ya kwanza, faili la wagonjwa. Safu ni tatu: namba ya kata, idadi ya wagonjwa, tarehe. Tumia namba ya kata badala ya jina. Majina huandikwa kwa namna mbili tatu, na mengine yanapotosha: Arusha Chini ni kata ya Wilaya ya Moshi, upande wa mashamba ya miwa, lakini anayechuja data kwa neno "Arusha" ataihamishia mkoa wa jirani. Tena jina lenye nafasi katikati linaweza kukatwa vipande viwili SaTScan inaposoma faili la maandishi.

Tarehe inayofaa zaidi ni ya kuanza kuugua. Kama haipo, tumia ya kufika zahanati, lakini iwe hiyo hiyo kwa kila mgonjwa. Tarehe ya kutuma ripoti ya mwezi haifai kabisa. Iandike kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2022/04/03. Ukiandika 03/04/2022, Excel yenye mpangilio wa Kimarekani itasoma Machi 4, na mgonjwa wa Aprili atarudi nyuma mwezi mzima bila onyo lolote.

Ondoa pia marudio. Vipimo vya haraka vinavyotafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, vinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, hivyo anayerudi na homa nyingine huhesabiwa tena. Kanuni rahisi ni kumhesabu mtu mara moja ndani ya siku 28.

Sasa jambo linalosahaulika mno: zahanati isiyoleta ripoti si zahanati isiyo na wagonjwa. SaTScan ikikosa mstari wa kata fulani kwa mwezi fulani, inahesabu sifuri. Tengeneza faili la marekebisho na uipe kata hiyo, kwa mwezi huo, hatari linganishi (mara ngapi hatari ya mahali inazidi ya kwingine) ya 0. Programu itaelewa kwamba hapo hapana data, na haitatarajia wagonjwa. Fanya vivyo hivyo kwa miezi ambayo vipimo viliisha, maana wagonjwa walikuwepo ila hawakupimwa.

Hatua ya pili, idadi ya watu. Chukua sensa za 2012 na 2022 kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Faili lina namba ya kata, mwaka na idadi. Ukiipa SaTScan miaka yote miwili, yenyewe inakadiria miaka ya katikati. Lakini kagua mipaka kwanza. Kata iliyogawanywa baada ya 2012 itaonekana kama imepoteza watu ghafla, na kiwango cha malaria kitapanda kwenye karatasi peke yake. Dawa yake ni kuziunganisha kata hizo mbili ziwe moja kwa kipindi chote.

Hatua ya tatu, nukta. Fungua QGIS, ingiza mipaka ya kata, tafuta kitovu cha kila kata. Afadhali zaidi ukipata nukta ya mahali watu wanapoishi: kata za mlimani zina eneo refu la msitu, na kitovu kinaweza kuangukia msituni.

[Skrini: ramani ya dunia, nukta zimeangukia Hispania]

Tazama hapa. Moshi mjini iko karibu na latitudi -3.35, longitudi 37.34. Ukizibadilishana nafasi, nukta zako zinakwenda kusini mwa Hispania. Ukisahau alama ya kutoa, zinaangukia Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Yote mawili unayaona mara moja. Kosa baya ni lile dogo: ramani za zamani za Tanzania zilitumia mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, na ukizichanganya na nukta za GPS, ambazo hutumia mfumo mwingine, WGS 84, kila kitu kinasogea mita mia kadhaa. Nyumba ya kando ya mfereji inahamia upande wa pili, na ramani bado inapendeza.

Zihamishie nukta kwenye UTM, mfumo unaopima mahali kwa mita, kanda ya 37 Kusini (namba yake kwenye QGIS ni EPSG:32737). Arusha nayo imo kanda hiyo hiyo. Moshi itasomeka takriban 315,000 kwa 9,630,000. Sababu ya kuhamisha nitaieleza mbele kidogo.

Hatua ya nne ni fupi: chora mstari wa wagonjwa kwa mwezi, eneo lote kwa pamoja, na mvua chini yake. Usitegemee malaria ipande mwezi ule ule wa mvua. Mbu anahitaji wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka, vimelea vinahitaji takriban wiki mbili ndani ya mbu, kisha wiki moja hadi mbili tena ndani ya mtu. Masika ya Machi hadi Mei kwa hiyo huonekana zahanati baadaye. Na kwenye mashamba ya mpunga ya Moshi ya chini, kama Mabogini, maji ya mfereji yapo hata mvua isipokuwepo, hivyo mstari wa huko unaweza kwenda kivyake.

Hatua ya tano, SaTScan. Fikiria mkebe: kitako chake ni eneo, kimo chake ni wakati. Programu inaupitisha mkebe juu ya kila kata, ikiutanua na kuurefusha, na kila mara inalinganisha wagonjwa waliomo na waliotarajiwa. Kwenye ukurasa wa Input weka mafaili, usahihi wa tarehe uwe mwezi, majira ya nukta (namba zinazoonyesha ilipo) yawe ya Cartesian, yaani ya umbali kama zile mita za UTM. Kwenye Analysis chagua uchambuzi wa eneo na wakati wa kipindi kilichopita, modeli ya Poisson (ya kulinganisha idadi ya wagonjwa na idadi ya watu), na utafute viwango vya juu. Marudio ya bahati nasibu, yaani data bandia za kulinganishia, yawe 999. Pamoja na data yako yanakuwa 1,000, ndiyo maana p (kipimo cha uwezekano wa kundi kutokea kwa bahati tu) ndogo kuliko zote ni 0.001.

Msimu lazima urekebishwe. Malaria ikipanda kila mahali baada ya masika, mkebe utameza nusu ya wilaya kwa miezi hiyo, nawe utakuwa umegundua kwamba mvua ilinyesha. Washa marekebisho ya wakati yasiyotumia umbo maalumu (nonparametric).

Ukubwa wa juu wa kitako huja ukiwa asilimia 50 ya watu. Kwa Moshi huo ni mkubwa mno, jaribu 25 au 10, ila amua kabla hujaona matokeo. Na kitako cha duara hakiujui mlima: kinaweza kuchukua kata za tambarare zenye mpunga na kubeba kata ya juu yenye ubaridi isiyo na ziada yoyote. Ndiyo sababu tulihamia UTM, kwa kuwa umbo la yai linapatikana tu kwa majira ya Cartesian.

Matokeo yakitoka, tuseme kundi lina wagonjwa 180 na walitarajiwa 120. Hiyo ni mara 1.5 ya matarajio. Hatari linganishi itakuwa juu kidogo, kwani inalinganisha ndani na nje ya kundi. Fungua kwenye QGIS faili la ramani lililotolewa na SaTScan na usome kila kata iliyomo, moja moja. Isiyo na ziada itaje wazi. Kundi lililo mpakani lichukulie kwa tahadhari, maana huenda nusu yake iko Mwanga au ng'ambo, Taveta nchini Kenya.

Kisha rudi zahanati na uulize: miezi hiyo palifunguliwa kituo kipya? Vipimo vilibadilishwa? Bila majibu hayo usimpelekee Mganga Mkuu wa Wilaya ramani, kwa sababu ataitumia kupanga vyandarua na dawa ya kupulizia.

Kama ulifanya kazi kwa nukta za nyumba, usizichapishe. Onyesha kata au kijiji. Na hifadhi faili la mipangilio la SaTScan, lenye mwisho wa .prm, kwenye folda moja na mafaili ya data, ili mwingine aweze kurudia hesabu zako zote.