Maji yaanze kuchemka, hindi lifuate: maongezi ya jikoni, Uyole, Mbeya

Mwagonile! Haya, na waliotoka upande wa Iringa na Njombe, kamwene. Nimepewa nusu saa, na mnanijua mimi nikianza mambo ya mahindi nusu saa naimalizia kwenye salamu, kwahiyo tuingie tu. Mnaiona ile sufuria pale nje kwenye mafiga? Nimeibandika kabla sijaingia humu, na mahindi hata hayajavunjwa, nimewatuma wale vijana wawili sa hivi ndo wanashuka bondeni. Kuna mama kaniuliza pale mlangoni, we mwalimu unachemsha maji ya nini na mahindi hayapo? Mama yangu, hilo ndo somo lenyewe, ningeweza kuishia hapo tukaenda kula.

Iko hivi. Hindi bichi ukilivunja kwenye bua halijafa, bado linapumua, na ile sukari ya ndani nyingine linaitumia lenyewe nyingine linaigeuza wanga. Watu walishapima hii kitu miaka mingi nyuma kwenye yale mahindi matamu ya kawaida, yakikaa kwenye joto la nyuzi 30 siku moja tu karibu nusu ya sukari imeondoka, kwenye nyuzi 20 inaondoka kama robo, na kwenye nyuzi 0 haifiki hata sehemu moja ya kumi. Sasa chukua gunia la gobo, yaani haya mahindi mabichi, limevunjwa jana asubuhi, limeshinda barabarani linangoja gari, likapanda fuso kwenda Dar limefunikwa turubai, mle ndani joto kama tanuri, yaani mtu wa Dar anakula wanga anasifia mahindi ya Mbeya. Ila na sisi tusijisifu sana maana unakuta mtu shamba liko nyuma ya nyumba, anavunja asubuhi anapika jioni. Kwanini? Mwezi wa sita na wa saba huku tuna friji ya bure ya Mungu, ukichelewa kupika weka nje kivulini na maganda yake, usiyamenye, usiyaache juani.

Sasa hii swit koni mnayoiona supamaketi kwenye kopo. Wengi mnadhani ni hindi letu limevunjwa mapema. Hapana, ni mbegu yake, ina hitilafu ya kuzaliwa, punje inashindwa kugeuza sukari yote kuwa wanga, ndo maana ikikauka inajikunja kama uso wa bibi (wanacheka). Hizi zetu, mfano UH6303 ya hapa hapa Uyole, zilitengenezwa kwa ajili ya unga, utamu wake ni wa siku chache tu shambani, ukizipitisha basi. Na ukipanda swit koni ubavuni kwa jirani mwenye mahindi ya kawaida, yakachanua pamoja, chavua ikapeperuka, utavuna punje ngumu kwenye mbegu uliyoinunua kwa bei mbaya. Pishanisha tarehe au panda mbali.

Kujua limefika: ndevu zimekauka rangi ya kahawia lakini ganda bado kijani. Fungua kidogo juu, bonyeza punje kwa ukucha. Yakiruka maji, bado. Yakiruka maziwa, vunja saa hiyo hiyo. Ikitoka kama uji mzito liache likauke utasaga. Wenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yenye unyevu, hili mnalijua kuliko mimi, maana nyie mnauza gobo wakati wengine ndo kwanza wanangoja mvua.

Kuchemsha sina maneno mengi. Swit koni dakika tano mpaka kumi, hili letu nusu saa na zaidi kidogo, na ubakize maganda mawili ya ndani, yanatoa harufu. Chumvi mimi naweka mwishoni, wengine watabisha, wabishe. Kuchoma, kosa letu ni haraka, mtu anapepea moto hindi linaungua nje ndani bichi. Ngoja makaa yapate jivu, geuza taratibu, halafu kipande cha limao kichovye kwenye chumvi na pilipili ya kusaga, paka likiwa bado linafuka.

Lakini kama mnaniuliza mimi napenda nini, ni mkate wa mahindi mabichi, na hapa naomba mniache niongee. Unachukua yale yaliyoanza kugoma, sio maziwa tena sio makavu, unapukuchua kwa kisu, unasaga kwenye jiwe au mashine ya nyama, usiweke maji hata tone maana yanatoka yenyewe. Chumvi kidogo, sukari ukitaka, mimi siweki. Unafunga kwenye maganda yale yale ya hindi, au ukiwa Tukuyu jani la mgomba lipo mlangoni, lipitishe motoni lilegee lisipasuke. Sasa magunzi usitupe! Yapange chini ya sufuria kama kichanja, maji yawe chini ya magunzi, mikate juu, funika, saa moja. Yale magunzi yanachemka yanatoa mvuke wenye utamu unaopanda kwenye mkate. Ukifungua ile harufu jirani anakuja kuomba chumvi ambayo hana haja nayo. Kula na mtindi. Au fanya kama wanangu, punje za kuchemsha, parachichi la Rungwe, kitunguu, limao, unachanganya kama kachumbari, nilidhani ni utoto mpaka nilipoonja.

Kuhifadhi sasa. Njia ya mama zetu bado naipenda: chemsha mahindi mazima yaive, yapoe, pukuchua, anika kwenye turubai, sio chini kwenye udongo, mpaka punje zigonge kama kokoto, weka ndoo yenye mfuniko unaobana. Mwezi wa kumi loweka usiku, pika kande na maharage, utamu ule wa ubichi unaurudia. Anika vizuri jamani, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, sio hadithi, mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa.

Mwenye friza, chovya mahindi kwenye maji yanayochemka dakika tano au sita, toa tia kwenye maji baridi kabisa, kata punje, funga kwenye mifuko midogo midogo. Usiruke ile ya kuchovya maana friza haiui vile vimeng'enya vinavyoharibu ladha, inavipunguza mwendo tu.

Na chupa? Hapa nakiri. Mwaka mmoja nilijifanya fundi, nikajaza chupa za jamu nane, nikazichemsha saa zima kwenye sufuria, nikazipanga kabatini najisifia kwa wageni. Wiki ya tatu usiku tukasikia paa! mzee akashika panga akidhani mwizi, kumbe mfuniko umeruka, ukuta umejaa mahindi. Nyingine mbili zilikuwa zimevimba. Hindi halina uchachu kama nyanya, kuna bakteria wa kwenye udongo mbegu zake hazifi kwenye maji ya kuchemka, zinataka joto la nyuzi 116 na kuendelea, hilo unalipata kwenye chungu cha presha cha kazi hiyo tu, na huku juu kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwahiyo sisi tuko pabaya kuliko hata mtu wa Kyela. Na sumu yake inaweza isinuke wala isibadili ladha. Nilichimba shimo nikafukia zote nane, hata nguruwe sikumpa. Kwenye chupa msijaribu.

Swali lipi mama? Eeh, maji ya kuchemshia unaweza kupikia uji, mimi napikia.

Ngoja, vijana hao wanapanda. Nani ana saa? Wamevunja muda gani? Dakika kumi na tano? Ndaga fijo, asanteni sana, leteni hapa. Dada menya, bakiza maganda mawili, mengine mpelekee ng'ombe. Chumvi we iache kwanza.