Kabla Binti Yenu Hajaolewa Uingereza, Ulizeni Cheti

Assalaam aleikum ndugu zangu, na mbukwenyi kwa Wagogo wangu wote. Leo naongea na nyumbani kabisa: Kondoa, Majengo, Chang'ombe, Nkuhungu, popote penye binti aliyeletewa posa na kijana anayeishi huku Uingereza. Akina mama hasa, tulieni mnisikilize.

Huko kwetu mshenga anakuja, mahari inapangwa, wali, yaani baba au mlezi wa binti, anaozesha mbele ya mashahidi, na shehe mwenye leseni ya kufungisha ndoa anajaza vitabu vya serikali. Cheti kinatoka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu kama inavyoitambua ya kanisani na ya bomani, ndiyo maana hamna anayewaza kutenganisha nikahi na ndoa ya serikali. Huku ni mambo mawili. Misikiti mingi haijasajiliwa kufungisha ndoa za kisheria. Nikahi inasomwa, pilau linaliwa, picha zinarushwa kwenye grupu la familia, na kwa sheria ya Uingereza hao wawili hawajaoana.

Kuna kesi ya Akhter na Khan. Walifunga nikahi London mwaka 1998, wakazaa watoto wanne. Mke alikuwa akimkumbusha mume wakaandikishe ndoa serikalini, mume anapiga danadana. Walipoachana mwaka 2016, mume akasema hakuna ndoa hapa. Mwaka 2018 jaji alimpa mama yule nafuu, lakini mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba sherehe ile haikuwa ndoa kisheria hata kidogo. Miaka yote ile, watoto wanne!

Sasa mwanamke wa namna hiyo akitaka kuachika na mume hatoi talaka, anakwenda wapi? Anakwenda kwenye baraza la sharia, yaani jopo la masheikh wanaosikiliza mambo ya ndoa za Kiislamu. La Leyton, mashariki mwa London, lipo tangu 1982. Haya si mahakama, hayana nguvu ya kisheria ya kugawa nyumba wala kuamua watoto wakae na nani. Serikali ilipoyachunguza chini ya Profesa Mona Siddiqui, ripoti ya Februari 2018 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wanaokwenda huko ni wanawake wanaodai talaka. Mwanamume hana haja ya kwenda, talaka iko mdomoni mwake.

Niliwahi kumsindikiza dada mmoja wa kwetu, nikawa namtafsiria maana Kiingereza kilikuwa bado kinamsumbua. Wazee wawili, meza, faili lake jembamba. Akaeleza alivyokuwa anapigwa. Mzee mmoja, kwa upole kabisa, akamuuliza kama yuko tayari kukaa meza moja na mumewe wasuluhishwe. Halafu likaja la kurudisha mahari, ndiyo apate khului, talaka anayoiomba mke. Dada wa watu akanigeukia, vidole vinasokota pindo la mtandio: "Anipige yeye, na mahari nimrudishie mimi?" Nilishindwa kulitafsiri lile swali. Nikanyamaza, na mpaka leo linaniuma.

Sisemi mabaraza yafungwe. Mwanamke anayetaka kuolewa tena akiwa na amani na dini yake anayahitaji. Kinachonikera ni kumkuta pale hana mlango mwingine. Huko Dodoma, baraza la BAKWATA, chombo kikuu cha Waislamu Tanzania, likishindwa kusuluhisha linatoa hati, na mama anakwenda nayo mahakamani kudai talaka na mgawo wake. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani yetu ilishasema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, mahakama iliona ameshapewa fungu lake, ila wanawake wengi wamepitia mlango alioufungua.

Kwa hiyo mshenga akija, ulizeni cheti kabla ya mahari. Ndoa iliyofungwa huko kwa kufuata sheria ya Tanzania, ikiwa haina kizuizi kingine, huku inatambuliwa. Wakitaka kufungia huku, waende kwanza ofisi ya msajili watoe taarifa, wasubiri siku 28, waandikishwe, ndipo nikahi isomwe. Kijana akisema nikahi inatosha mbele ya Mungu, mwambieni Mungu huyo huyo, katika Suratul Baqara aya ya 282, ametuamuru tuandike hata deni. Mwenye nia njema haogopi kalamu.

Na wewe dada ambaye uko huku tayari na cheti huna: matunzo ya watoto unayadai kwa baba yao hata bila ndoa ya serikali, na ukipigwa, mahakama inaweza kukupa amri ya kukulinda. Polisi ni 999. Huna haja ya kusubiri baraza likupe ruhusa.