Kabla Hujaisifu Mbegu ya Papai, Tazama Ua

Assalaam aleikum, mama zangu, baba zangu. Na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo.

Nimekuja na mapapai mawili kutoka Kakuyuni. Napasua. Hili la mviringo, uwazi wake wa ndani unaingia ngumi, nyama nyembamba. Hili refu limeshiba, mbegu zimebanana katikati. Mnasema mbegu mbili tofauti? Hapana. Ni chotara ileile, yaani mbegu ya kuchanganya aina mbili, pakiti ileile. La mviringo ni la mti jike, refu ni la jikedume, mti ambao ua lake lina uke na uume pamoja.

Jambo hili limeshanitia aibu. Nililinganisha chotara mbili, miti 10 kwa 10, nikapima kilo, nikamtangaza mshindi hadharani. Nilipokwenda kukagua maua, mshindi alikuwa na jikedume 8, mwenzake 4. Kumbe nilipima jinsia!

Wazazi wote wakiwa jikedume, katika kila miche mitatu hutarajiwa miwili jikedume, mmoja jike. Mama akiwa jike na baba jikedume, ni nusu kwa nusu. Basi panda mitatu kila shimo, ngoja ichanue, ubakishe jikedume mmoja. Ua la jike lina tumbo nene na halina chavua. La jikedume ni jembamba, na chavua imo ndani. Kwa wazazi jikedume, shimo la majike watupu ni 1 kati ya 27. Kwa mama jike, 1 kati ya 8. Anayepanda mmoja mmoja kuokoa pesa ya mbegu, shauri yake, ila asiniletee matokeo.

Halafu kuna joto letu la kaskazi. Jikedume akipata joto na kiu, maua yake hugeuka ya kidume, hayashiki tunda, na shina linabaki na pengo. Pengo hilo lihesabuni. Chotara iliyosifiwa kwenye baridi ya bara inaweza kuumbuka hapa Malindi, na kilo za mwezi mmoja hazitakuonyesha.

Utamu nao una mtego. Papai halina akiba ya wanga ya kugeuka sukari likishachumwa, kwa hiyo ukichuma moja bichi na jingine limeanza njano, umeionea mbegu. Chumeni yote yakiwa na rangi sawa, ndipo mdondoshe maji yake kwenye kipimo cha sukari. Viwango vya mapapai vya Hawaii hudai kipimo hicho kisome angalau asilimia 11.5.

Naam, mama? Mbegu hizi uzipande? Za chotara zitakutolea mchanganyiko. Zitupe, ule nyama. Haya, sahani ipite, anzeni na la mviringo.