Rubani wa Ndege Ndogo Anaruka Masaa Mangapi kwa Mwaka? Nawajibu Nikiwa Iringa

Kamwene, kamwene! Wana Iringa, wana Mbeya, Njombe, na nyie mliojichimbia Dar, habari zenu. Leo sipo kule Minnesota, Marekani, ninakoishi na kurusha ndege ndogo, nipo likizo nyumbani. Hapa nimepanda jiwe la Gangilonga, mji wote mnauona nyuma yangu, na anayenishikia simu ni mpwa wangu. Picha ikitikisika, lawama zote kwake.

Tangu nifike, kila nyumba ninayoingia swali ni lile lile. Shikamoo, marahaba, karibu chai, halafu: "Hivi ile ndege unairusha kila siku?" Baba mdogo ndiyo kabisa, yeye ameshapiga hesabu kwamba leseni ninayo, ndege zipo, basi nashinda angani. Naomba nijibu mara moja ili chai ninywe kwa amani.

Mtu mwenye leseni ya urubani binafsi, yaani haruki kwa mshahara, akifikisha masaa 50 kwa mwaka amejitahidi sana. Wengi ninaowajua pale klabuni kwetu wako kwenye thelathini, arobaini. Wapo wanaoishia kumi na kitu na leseni wanatembea nayo kama kawaida. Rubani wa ndege za abiria ni habari nyingine. Marekani sheria inamkataza kuzidi masaa 1,000 ndani ya siku 365, na Ulaya mwisho wake ni 900 kwa mwaka. Yeye anazuiwa asizidi, sisi tunahangaika tufike.

Sasa tuyachukue hayo 50. Ninayorusha ni Cessna 172: siti nne, injini moja, pangaboi mbele. Inatembea kama kilomita 200 kwa saa. Zidisha, unapata kilomita 10,000. Dar mpaka hapa ni kama 500. Kwa hiyo mwaka mzima wa rubani anayejitahidi, dereva wa basi la Dar–Iringa anaumaliza kwa safari ishirini. Kama anakwenda leo na kurudi kesho, hata mwezi haujaisha. Na mlima wa Kitonga kaupanda na kuushuka, malori mbele, malori nyuma. Mpwa wangu anacheka, lakini ndiyo hesabu yenyewe.

Kwa nini yawe machache hivyo? Cha kwanza mnakijua: hela. Kukodi Cessna ya namna hiyo Marekani ni dola 150 mpaka 200 kwa saa, mafuta yakiwemo. Zidisheni wenyewe kwa bei ya dola ya leo, mimi sitaki kuitamka mbele ya mama. Na saa yenyewe inavyohesabiwa! Kuna kimita kidogo kwenye dashibodi, kinaitwa Hobbs. Injini ikiwaka, kinaanza kutembea, na kila dakika sita namba ya mwisho inageuka. Hakijali kama uko juu ya mawingu au umesimama chini unasubiri wenzio watatu watue. Siku uwanja una foleni unakitazama kinavyokula pesa yako, pangaboi linazunguka, magurudumu yametulia tuli.

Hapo sijagusa muda ambao hauandikwi popote. Kabla ya kuwasha unaizunguka ndege nzima kwa miguu. Unachukua kikombe cha plastiki, unachota mafuta kidogo chini ya kila bawa, unakiinua kwenye mwanga. Petroli ya ndege zetu ina rangi ya bluu. Ukiona tone limelala chini ya kikombe halina rangi, hilo ni maji. Unachota tena, na tena, mpaka yaishe, kwa sababu injini ikiyavuta wakati unapaa utakuwa chini sana na muda wa kufikiri hutakuwa nao. (Zile Caravan zinazopeleka watalii mbugani, zile nazo zina pangaboi lakini zinachoma mafuta ya jeti, msichanganye.) Kisha mafuta ya injini, matairi, hali ya hewa, uzito wa abiria na mizigo. Ukirudi unaifunga kamba, unaifuta wadudu kwenye kioo. Saa moja ikiingia kwenye logbuku, daftari la masaa ya rubani, ujue nusu siku imeondoka.

Halafu hali ya hewa. Watu wa Mbeya hili hamhitaji maelezo, uwanja wa Songwe mmeshakaa sana mkisubiri ukungu ukae pembeni. Kwetu Minnesota adui ni baridi. Baridi ya Mafinga mnayoivalia makoti mawili, kule tunaiita siku nzuri. Joto likishuka nyuzi kumi chini ya sifuri na kuendelea, injini haiwashwi hivi hivi. Inafunikwa blanketi, inachomekwa kwenye umeme ipashwe taratibu, oili ilainike. Cha ajabu, ikishawaka inapanda vizuri kuliko wakati wa joto, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito. Lakini nani ana hamu ya kufuta barafu kwenye mabawa alfajiri? Kwa hiyo miezi mingi ya mwaka inakatika, na masaa yote yanalundikana kiangazi.

Na kiangazi sasa ndiyo kila mtu anaitaka ndege. Ya klabu ni yetu wote, na Jumamosi ya jua inakuwa kama trekta la kukodi kijijini mvua za kwanza zikinyesha: wiki zote limekaa, leo wanalitaka wote. Mimi nahudumia wazee, zamu zangu nyingi ni za usiku. Ninapopata nafasi, kuna daktari mstaafu ameshajiandikisha. Ninapoipata ndege, nimetoka zamu macho mekundu, na mtu aliyekesha harushi ndege. Pombe nayo hivyo hivyo: sheria ya Marekani inataka masaa manane yapite tangu ulipokunywa mara ya mwisho. Kwa ulanzi wa Iringa, mimi ningesema ngoja mpaka kesho kutwa.

Mtaniambia nunua ya kwako. Nimewaangalia walionunua, na wengi hawaruki zaidi ya mimi. Banda wanalipia, bima wanalipia, na kila miezi 12 ndege lazima ikaguliwe na fundi mwenye kibali, iwe imeruka isiruke. Injini yenyewe haipendi kukaa. Ndani inapata unyevu, vyuma vinaanza kutu. Watengenezaji wa injini hizi, Lycoming, wanashauri ifumuliwe na kufanyiwa matengenezo makubwa kila masaa 2,000 au kila miaka 12, kimojawapo kikitangulia. Kwa masaa 50 kwa mwaka utayafikia hayo 2,000 baada ya miaka arobaini! Injini inazeekea bandani.

Sheria yenyewe Marekani haikuwekei masaa ya mwaka. Inasema, ukitaka kubeba abiria uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, na kila miezi 24 ukae na mwalimu, saa moja darasani na saa moja angani. Uingereza wao wanahesabu: ili kuendeleza kibali chako cha injini moja bila kufanya mtihani, ndani ya mwaka wa mwisho kabla hakijaisha unatakiwa uwe na masaa 12, sita ukiwa wewe ndiye nahodha. Kumi na mawili! Huo ndio mstari wa chini.

Ndiyo maana mimi swali la "masaa mangapi" naliona halifiki kwenye kiini. Anayeruka masaa 20, kila baada ya wiki mbili kidogo kidogo, mikono yake inajua kutua. Aliyeruka 40 yote Julai na Agosti, halafu akaja Aprili na familia yake ndani, huyo mimi sipandi naye ndege. Kutua ndiyo kunakosahaulika kwanza. Unavyoinua pua sekunde mbili kabla ya magurudumu kugusa, hilo halisomwi kitabuni, na likikaa miezi minne linaondoka. Ukikutana na rubani yeyote wa ndege ndogo, muulize ametua lini mara ya mwisho.

"Mjomba, upepo unaingia kwenye simu." Nimesikia, namalizia.

Sasa, maombi ya kunitaka nikodi ndege hapa Nduli, uwanja wetu wa Iringa, niwarushe ndugu. Leseni yangu ni ya Marekani. Ndege za hapa zimesajiliwa Tanzania, zile zinazoanza na 5H, na kuzirusha lazima Mamlaka ya Usafiri wa Anga iitambue leseni yangu kwanza. Sijafanya hivyo. Hata wangeitambua, Nduli iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wetu kule haufiki 300. Huku hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa inapoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Jua la mchana la Oktoba likiongezeka juu yake, watu wanne na mizigo haikubali, na kabla ya kujaribu ningemtafuta mwalimu anayeujua uwanja huu.

Baba mdogo, najua unaniangalia. Umesema nikurushe mpaka Mafinga, mafuta yote utalipia wewe. Rubani binafsi haruhusiwi, lazima nitoe fungu langu sawa na abiria. Magari ya Mafinga yapo Ipogolo saa zote, nauli nakutumia leo jioni.