Kuvua kwa mshipi juu ya majabali ya Mombasa

Salaam aleikum, karibuni. Leo hatuna mtumbwi wala ngalawa. Tuna mshipi wa mkono na majabali ya chini ya bustani ya Mama Ngina, upande wa mnara wa taa wa Ras Serani. Kumpata samaki hapa si kazi kubwa. Kazi ni kuyajua maji, na kujua utatokea wapi yakishapanda. Kwa hivyo ndoana itachelewa kuingia baharini. Mwenye haraka akale mihogo pale juu chini ya mibuyu, atatukuta.

Kwanza chagua siku. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji huwa bamvu, yaani hupanda sana na kushuka sana. Siku za bamvu hapa Mombasa maji hupwa asubuhi, kwenye saa nne au saa tano, kisha hujaa jioni, kwenye saa kumi au kumi na moja. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kama dakika 40 au 50. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Msimu nao uangalie. Kati ya Juni na Agosti kusi linavuma na bahari inapiga ukingo huu moja kwa moja. Miezi hiyo mimi sishuki. Kaskazi likiingia, bahari hutulia.

Jambo jingine: usidhani kila mwamba ni wa kuvulia. Ukienda Nyali na Bamburi utakuta eneo la Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, lililotengwa mwaka 1986 na linalosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ndani ya mipaka ya hifadhi yenyewe kuvua ni marufuku. Waulize wavuvi wa BMU ya karibu, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, mipaka iko wapi, na kama unahitaji kibali.

Haya, vifaa. Mshipi wa nailoni unaobeba kilo 15 hivi, umezungushwa kwenye chupa ya plastiki. Fimbo ya kuvulia ukiwa nayo ni sawa, lakini mkono husikia zaidi. Ndoana ndogo na za kati. Kisu, koleo, gunia, maji ya kunywa. Viatu ni raba zenye soli nene. Champali ziache nyumbani, matumbawe haya yanakata kama wembe. Na hili msilisahau: dumu tupu la lita 5, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ndefu. Nitawaambia kazi yake.

Chambo ni kamba wadogo au ngisi. Ngisi mkate vipande vyembamba virefu, vipepee majini. Mimi napenda ngisi kwa sababu ni mgumu. Kamba ni mtamu kwao, lakini wadogo wadogo wanamdonoa mpaka ndoana inabaki uchi.

Kamera isogee hapa mkononi. Uzi unapita kwenye tundu la ndoana, unauzungusha mara sita kwenye uzi mwenzake, ncha inarudi kwenye kitanzi cha chini kilicho karibu na tundu. Tia mate. Vuta polepole mpaka mizunguko ilale pamoja. Ukivuta pakavu, nailoni inapata moto na kulegea, na utajua tu siku samaki mkubwa akija. Ndoana inakaa kwenye tawi fupi la uzi, shubiri mbili juu ya chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi. Sasa, chubwi usiifunge na mshipi wenyewe. Ifunge na uzi mwembamba kuliko mshipi. Hapa chini ni mawe na mianya, chubwi itanasa tu. Ikinasa, uzi mwembamba ndio unaokatika, ndoana na samaki vinabaki kwako. Nami sinunui risasi ya kupoteza. Hizi mnazoziona ni plagi kuukuu za pikipiki, omba kwa fundi yeyote wa bodaboda.

Sasa ni saa nne na nusu, maji yamepwa. Simama juu, usishuke. Tazama bahari robo saa nzima, kwa sababu mawimbi hayalingani. Huja madogo mengi, kisha likaja moja linalopanda mpaka pale ulipotaka kuweka gunia. Angalia rangi ya mwamba: penye ukoga wa kijani au weusi unaong'aa, maji hufika. Simama pakavu. Halafu inama uchungulie chini ya ukingo. Mnaona? Bahari imelila jabali kwa chini, hapa juu tumesimama kwenye dari. Ndiyo maana mtu akianguka hawezi kupanda palepale alipoangukia. Aogelee nje, mbali na mwamba, wewe umrushie lile dumu alikumbatie huku unaita watu. Usiruke kumfuata.

Maji yakiwa chini hivi, soma mashimo na mifereji, weka alama kichwani. Yakijaa, samaki watakuja kula hapo hapo.

Maji yakigeuka, anza. Tandaza mshipi miguuni kwa mizunguko mikubwa, usiukanyage. Zungusha chubwi mara mbili, achia. Ikigusa chini, vuta mshipi ukaze, uulaze juu ya kidole cha shahada. Kidole hicho kivike pete ya mpira wa tyubu, mshipi usikukate. Tii-tii-tii, hao ni wadogo, waache. Ukisikia mvuto mmoja mzito unaokwenda, vuta mkono mara moja na usilegeze.

Changu anapigana waziwazi. Chewa ana ujanja: anakimbilia shimoni, anatanua mashavu, humtoi kwa nguvu. Legeza mshipi kabisa, subiri. Akidhani mambo yamekwisha, anatoka mwenyewe. Hapo mvute bila huruma. Kumpandisha juu, ngoja wimbi limwinue, umalizie naye. Samaki akining'inia hewani mshipi unakatika.

Tafi ana miba yenye sumu, mshike kwa kitambaa. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji moto unayoweza kuyavumilia, maumivu hupungua. Bunju, yule anayejifura, mrudishe baharini; sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akija, kata uzi, ndoana haina thamani ya kidole.

Saa sita na nusu imefika, na hapa ndipo watu wanapochezewa. Siku ya bamvu maji hupanda zaidi ya mita 3 kwa saa sita, lakini hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza taratibu. Ya tatu na ya nne, yaani mpaka saa nane na nusu, hupanda karibu nusu ya kimo chote. Kwa hivyo hama sasa, upande juu, kabla njia ya nyuma haijalowa, hata kama samaki wanakula. Na meli kubwa ikiingia bandari ya Kilindini, usiishangilie. Mawimbi yake hufika ukingoni meli yenyewe ikiwa imeshapita. Rudi hatua kumi, yaache yapige.

Kutoka hapo juu unaweza kuvua mpaka jioni. Samaki wako wachinje mapema, watoe matumbo, uwalaze kwenye gunia lililolowa kivulini.

Ukifika nyumbani, osha mshipi na ndoana kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini. Pitisha mshipi wote kati ya vidole viwili: ukigusa mkwaruzo, kata kipande hicho. Vipande vya nailoni tia jaani, kasa wasije wakavimeza. Plagi zikiwa zimekwisha, kesho pitia tena kwa fundi.