Sukari Hutangulia Kushuka, Kilo Hufuata

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu wa Kirumba, habari za jioni.

Pale mlangoni nimeulizwa: aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito anapungua kwa kuwa tumbo limekuwa dogo, basi? Hapana, udogo wa tumbo ni sehemu tu. Sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ndiyo hasa inayotengeneza grelini, homoni ya njaa, ambayo watafiti wa Japani waliitambua mwaka 1999. Mfuko ukikatwa ukabaki kama mrija, grelini hushuka; mtu anakwambia, "Dokta, leo nimesahau kula." Upasuaji mwingine ni kama barabara ya mchepuko: chakula kinawahi kufika utumbo wa chini, na huko zinatoka homoni za GLP-1 na PYY. Ubongo unapata taarifa ya shibe, kongosho linahimizwa kutoa insulini.

Kwa mwenye kisukari aina ya pili, sukari huweza kushuka ndani ya siku chache, kilo zikiwa palepale. Mwaka 1995 Dkt. Walter Pories na wenzake wa Marekani walipochapisha matokeo ya upasuaji huu kwa wenye kisukari, wenyewe walikiri hawakulitegemea. Kula kidogo sana siku zile za mwanzo nako hulipumzisha ini, na hilo pia husaidia kushusha sukari.

Hapa naomba mnisikilize sana. Mama mmoja, baada ya upasuaji, alirudishwa nyumbani na dozi yake ileile ya insulini. Siku ya nne akanipigia usiku, ulimi mzito, jasho linamtiririka, kikombe cha uji kinamwagika mkononi. Kipimo cha sukari kilisoma 2.4 mmol/L, chini mno. Alipona, lakini bado naumia, maana lilikuwa jambo la kuzuilika. Kabla hujatoka wodini, uliza dozi yako mpya.

Hata baada ya mwaka, soda au uji wenye sukari nyingi unaweza kupandisha sukari ghafla, kisha ikaporomoka saa moja hadi tatu baadaye. Kwa hiyo anza na sato au dagaa, mboga zifuate, ugali uwe wa mwisho, matonge mawili matatu. Vitamini B12, madini chuma na kalsiamu ni vya maisha yote.

Akina mama, hedhi iliyokuwa imepotea inaweza kurudi na mimba ikaingia upesi. Baada ya upasuaji subirini miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba. Aliyefanyiwa upasuaji wa mchepuko asitegemee vidonge vya uzazi wa mpango. Aulize kuhusu kijiti au kitanzi.

Dada mwenye kitenge cha bluu alinyoosha mkono mapema. Karibu, dada.