Anayenunua AC Siye Anayelipa LUKU

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wamiliki wa majengo, wapangaji wa ofisi, wakadiriaji majenzi na mameneja wa majengo. Umeandikwa kama ulivyotolewa, salamu za utangulizi zimeachwa.)

Asante Mwenyekiti. Kwenye ratiba mmeandika kwamba nitazungumzia ubia wa wenyeji katika kupunguza hewa ukaa inayotokana na majengo. Najua mnachosubiri: ramani ya dunia yenye wekundu, picha za paneli za sola, halafu chai. Sola nimeiweka mwisho, tukifika tumefika. Mimi nataka tuongee habari ya mkataba wa pango. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, maana kila nikishika kipaza sauti naishia hapo hapo. Nitanyamaza siku mtakapoibadilisha hiyo mikataba.

Tuchukue chumba kimoja cha ofisi, ghorofa ya tatu, mjini hapa, dirisha limeangalia magharibi. Mwenye jengo anataka kufunga AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Dukani anakuta mbili: ya kawaida, na ya inveta, ile ambayo kompresa yake haizimi na kuwaka, bali inapunguza mwendo chumba kikishapoa. Tuseme ya inveta imezidi bei kwa laki mbili na nusu. Ya kawaida, kwa saa za ofisi, tuseme inakula uniti 8 kwa siku. Uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, tuifanye shilingi 300, ingawa wote humu mnajua mnalipa zaidi. Hiyo ni shilingi 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 62,400 kwa mwezi. Kama ya inveta inaokoa theluthi moja, kuna 20,800 inayobaki kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja laki mbili na nusu imerudi, na AC yenyewe bado ina miaka kadhaa ukutani.

Hesabu hii haihitaji mhandisi. Mbona basi kila ninapopita naona imefungwa ile ya kawaida? Kwa sababu laki mbili na nusu inatoka mfukoni kwa mwenye jengo, na ile 20,800 inabaki mfukoni kwa mpangaji. Mwenye jengo ataumwaje na LUKU asiyoinunua? Na mpangaji, ambaye mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, anunue mashine aifunge kwenye ukuta usio wake, halafu mwakani kodi ipande ahame aiache? Mjinga ni nani hapo? Hayupo. Kila mmoja anatumia akili yake vizuri kabisa, na umeme unamwagika.

Ndiyo maana nachoka nikisikia kwamba tatizo ni "uelewa mdogo wa jamii". Mwelimisheni huyo mpangaji mpaka usiku wa manane, bado ukuta si wake.

Haya, sasa nipandisheni ngazi nyingine. Kuna jengo mjini hapa, silitaji, lina ghorofa tisa. Katikati wameacha uwazi wa kuingiza mwanga, upana wake hauzidi mita mbili. Humo ndani kila mpangaji kafungiwa mashine yake ya nje, moja juu ya nyingine, kuanzia chini hadi juu. Kazi ya mashine ya nje ni kutupa joto la chumbani. Ya ghorofa ya kwanza inalitupa, joto linapanda, ya ghorofa ya pili inalivuta na kuongeza la kwake, ya tatu vivyo hivyo. Nilining'iniza kipimajoto kwenye dirisha la choo cha ghorofa ya saba, saa nane mchana. Barabarani ilikuwa nyuzi 32. Kule ndani ya uwazi kilipita 43 na bado kilikuwa kinapanda. Mashine nyingi za kawaida zimetengenezwa kwa joto la nje lisilozidi nyuzi hizo hizo 43. Kwa hiyo mashine inahangaika, inajizima, inawaka, inajizima.

Mpangaji wa ghorofa ya saba anafanyaje? Anashusha rimoti hadi 16. Hakipoi kitu. Anamwita fundi. Fundi anapanda, anagonga gonga, anashuka na jibu lile lile mnalolijua: "Bosi, gesi imepungua." (Kicheko.) Anajaza gesi, analipwa, anaondoka. Mwezi ujao anarudi. Gesi haikupungua! Mashine inavuta moto wa majirani sita. Na hakuna mpangaji mmoja anayeweza kulitatua hilo, hata akiwa na pesa. Ule uwazi hauna mwenyewe. Unataka mwenye jengo na wapangaji wote tisa wakae chini, wakubali kuondoa mashine zote na kuweka mtambo mmoja juu ya paa, wagawane gharama, na jiji litoe kibali. Hicho ndicho ninachokiita ubia. Makubaliano ya hoteli yenye bendera na picha ya pamoja mimi siyajui.

Wenzetu wamefanyaje? Mwaka 2011 Jiji la Sydney, Australia, liliwakusanya wamiliki wakubwa wa majengo ya ofisi, watu ambao kwa pamoja wanashikilia zaidi ya nusu ya ofisi zote za katikati ya jiji. Hao ni washindani, wanaibiana wapangaji mchana kweupe. Lakini walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: kipimo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wana mfumo ambao leo unaitwa NABERS. Jengo linapewa nyota kwa kuangalia umeme uliotumika kweli kwa miezi 12. Mchoro wa msanifu hauna kura hapo. Na kitu ninachokipenda zaidi, nyota zinaweza kutenganishwa: kuna za jengo, yaani AC ya pamoja, lifti, taa za korido, na kuna za mpangaji, taa zake na kompyuta zake. Kila mtu anaona uchafu wake. Mwaka 2010 ikaja sheria: ukiwa na ofisi ya mita za mraba 2,000 kwenda juu na unataka kuuza au kupangisha, onyesha nyota zako. Mwaka 2017 wakashusha hadi mita 1,000. Mpangaji anachagua jengo huku anajua litamla kiasi gani, na mwenye jengo bovu anaanza kuona vyumba vikikaa wazi. Hapo ndipo mwenye jengo anapoanza kuumwa na LUKU isiyo yake.

Namwona mzee pale anatikisa kichwa. Sydney wana sheria, sisi hatuna. Mzee wangu, tunayo mwanzo wake. Tangu 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, na inataka wenye sehemu katika jengo moja wawe na chama chao. Vyama vipo. Vikao nilivyohudhuria ni vya takataka, maji na lifti, na mara moja mbwa wa mtu. Ongezeni ajenda moja tu: mita za umeme.

Maana bila mita tunabishana hewani. Yapo majengo mjini hapa yenye mita moja kubwa, bili inagawanywa kwa mita za mraba. Mwanasheria anayezima AC yake saa kumi analipa sawa na jirani anayeiacha ikilia usiku kucha. Huyo wa kwanza ataendelea kuzima kwa sababu gani? Funga mita ndogo kila chumba. Nani alipie? Mwenye jengo, halafu airudishe kidogo kidogo kwenye gharama za huduma, na iandikwe kwenye mkataba. Na AC ya inveta iwe hivyo hivyo: mwenye jengo ananunua, mpangaji kwenye ile 20,800 anamrudishia 12,000 kila mwezi na anabaki na 8,800. Wote wamepata. Kwenye mkataba ni aya moja, na nimeshaiandika. Mawakili wawili wameisoma, wakaniambia ni fupi mno, nikajua iko sawa.

Sasa kuna hoja ambayo kila mahali lazima mtu aitoe, basi niitoe mwenyewe. "Mhandisi, Bwawa la Nyerere limekamilika, megawati 2,115, umeme wetu sasa ni wa maji. Hewa ukaa gani unayoisema?" Hoja nzuri, naiheshimu. Kwanza, mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo haijang'olewa. Pili, mto Rufiji unategemea mvua, na mgao wa 2022 na 2023 sidhani kama mmeusahau. Ukija mgao, mtaa mzima unanguruma jenereta. Tatu, na hili ndilo kubwa, nchi ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Umeme wa kupikia wa mama wa Mbagala utatoka wapi kama tumeutumia wote kupoza vioo vya Posta saa nane mchana?

Na wale wa "Afrika tunachafua kidogo mno, waacheni wenye viwanda": ni kweli tunachafua kidogo. Lakini mimi sijaja kumtoza mtu dhambi. Jengo mnalolimwaga zege mwaka huu wajukuu zenu watakuwa bado wanalilipia umeme.

Kuna hewa nyingine ambayo bwawa haliigusi kabisa, nayo ni gesi iliyomo ndani ya AC yenyewe. Ile R-410A, kilo moja ikiachiwa angani inachemsha dunia sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa. Kilo moja! Hiyo ni takriban gesi ya AC moja ndogo. Mpangaji akihama, fundi anapanda ngazi, analegeza nati, mnasikia "psssss", anawasha sigara akisubiri iishe. Tani mbili zimeondoka kabla sigara haijafika nusu. Mkataba wa kuzipunguza gesi hizi ulifikiwa hapo jirani tu, Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016, lakini fundi wa ngazi hajausikia, na hata akiusikia, mashine ya kunyonya gesi na kuihifadhi hana pesa ya kuinunua. Jengo moja pia haliwezi kumnunulia. Majengo kumi ya mtaa mmoja yanaweza: mnaajiri fundi mmoja aliyefundishwa VETA, chuo cha ufundi stadi, mnamnunulia vifaa, anawahudumia wote kwa mkataba wa mwaka. Na mkinunua mpya ulizeni R-32, ambayo ukali wake ni kama theluthi ya ile, au R-290, ambayo ni propani na ukali wake karibu si kitu. Propani inawaka, ndiyo. Jikoni kwenu mna mtungi mzima, na hapa tunaongelea gramu mia kadhaa. Ila ifungwe na fundi anayejua.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbio mbio.

Vioo. Mteja anataka vioo, najua, "ndio kisasa". Vielekezeni kaskazini na kusini, mweke vibaraza vya kivuli. Na msiniletee picha za ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, zile za 2011 zisizo na AC. Nairobi iko juu ya mita 1,600, jioni watu wanavaa sweta. Sisi tuna unyevu wa bahari. Nendeni mkaangalie soko la Kariakoo la Beda Amuli, miavuli yake ya zege, kivuli na upepo. Hilo ni la kwetu, na ni la miaka ya 1970.

Saruji. Hili lilistahili mhadhara wake. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa kuwa klinka, yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji. Hata tanuru likichomwa kwa jua, jiwe litaitoa. Dawa ni kupunguza klinka: majivu ya volkano tunayo Mbeya, na kuna saruji ya udongo wa mfinyanzi uliochomwa pamoja na chokaa mbichi, inayopunguza hewa ukaa kwa hadi asilimia 40. Wakadiriaji majenzi, hapo kazi ni yenu. Kwenye zabuni andikeni nguvu mnayoitaka, msiandike aina ya mfuko kwa mazoea. Plasta ya ukuta haihitaji saruji ya kujengea daraja la mto.

Rimoti. India tangu Januari 2020 AC mpya za chumbani zinatoka kiwandani zimewekwa nyuzi 24. Ya kwenu leo jioni iwekeni hapo.

Sola tumeikosa, samahani. Mwenye kuitaka anifuate kwenye chai.

Kilichonileta ni karatasi zile kwa dada pale mlangoni. Nataka majengo ya mtaa mmoja, yanayopakana, siyo moja Masaki na lingine Kurasini. Andika jina la jengo, idadi ya ghorofa, nani anayelipa LUKU, na kama kuna mita ndogo au hakuna. Yakifika matano yanayoonana madirishani, tunaanza na ile aya ya mkataba na fundi mmoja. Wenye majengo ambao wapangaji wenu wamo humu ndani, wakaribisheni mnywe nao chai meza moja. Kodi msiiongelee leo.

Maswali karibuni. Ila la nani alipie mita nimeshalijibu.